Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa kituo kilichochukua sanduku la babu yetu

Kwa Mkurugenzi wa Kituo,
Dar es Salaam.

Kutoka kwa familia,
Ngamiani, Tanga.

YAH: SANDUKU LA NYARAKA ZA FAMILIA MLILOLIPOKEA MWAKA 2022

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu, na poleni na majukumu. Barua kama hii kusomwa mbele za watu haipendezi, hata mimi kuiandika haijanipendeza, ila hodi nimeshapiga kila mlango. Nimeleta barua mbili kwa mkono na zote nina kopi yake yenye muhuri wa kupokelewa, nimetuma imeli, nimepiga simu mpaka dada wa mapokezi akawa ananijua kwa sauti, nimepanda basi kutoka Tanga mara mbili, na mara ya pili nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yako toka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana nikaambiwa bosi ametoka na gari njoo wiki ijayo, sasa mtu anayetoka zaidi ya kilomita mia tatu hiyo wiki ijayo anaitoa wapi. Jina la kituo chenu sitaliandika. Wenyewe mnajijua, na shida yangu mimi ni sanduku, sina haja ya kumchafua mtu.

Wasomaji wengine hawajui ni sanduku gani kwa hiyo niruhusu nieleze.

Babu yetu mzaa mama alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huku Tanga, alianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940 akaja kustaafu miaka michache baada ya mashamba kutaifishwa kufuatia Azimio la Arusha la 1967. Enzi hizo mkonge ulikuwa unakatwa na manamba, yaani vibarua wa mkataba, vijana wanaletwa kutoka mbali, Songea, Njombe, Kigoma, wengine Burundi na Rwanda, wengine Wamakonde waliovuka Ruvuma, na kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao kabisa ya kuwakusanya, SILABU, wazee wa Tanga mpaka leo wanaitaja. Kila mtu alikuwa na kipande chake, yaani kadi ya kazi, ukimaliza kazi ya siku unawekewa alama, zikitimia alama thelathini ndipo unalipwa. Babu ndiye aliyekuwa anaweka zile alama. Lakini pembeni, kwa hela yake mwenyewe, alinunua daftari akawa anaandika kitu ambacho hakuna aliyemtuma: jina la mtu, jina la baba yake, kijiji alichotoka, na nani apelekewe habari likitokea la kutokea. Na yalitokea, wengine kwa homa, wengine kwenye mashine za korona, zile za kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge. Ndani ya sanduku kulikuwa na nakala za barua alizokuwa anawaandikia watu asiowajua, huko Kasulu, huko Songea, kuwaambia kijana wenu amefariki, tumemzika mahali fulani, hela yake iliyobaki ni kiasi hiki na nani atawaletea.

Madaftari ya namna hiyo yako manne. Kuna barua zaidi ya mia tatu, nyingi ni Kiswahili cha herufi za Kiarabu kwa sababu bibi hiyo ndiyo aliyoijua kusoma, kuna vipande vyenyewe vya wafanyakazi, kuna picha mia na kitu, kuna filamu za picha kwenye kopo la maziwa ya unga, na kaseti kumi na moja. Babu alifariki 1991 na bibi akalitunza sanduku mpaka 2009 alipotutoka, ufunguo alikuwa anaufunga kwenye pindo la kanga na hakuna mtoto aliyewahi kulifungua bila yeye kuwepo. Baada ya hapo likawa kwa mama. Masika moja bati la chumba likavuja, tukakuta mchwa wameshaanza kona moja, na kipindi hichohicho watu wenu walikuja Tanga kutangaza kwamba familia zenye kumbukumbu za zamani zilete, zitahifadhiwa kitaalamu. Mama hakutaka. Mimi ndiye niliyemshawishi, nilimwambia mama hawa wamesomea, sisi tutaziua kwa mapenzi yetu. Ndiyo maana nashindwa kulala na hili jambo.

Mambo yanayotuumiza ni haya.

1. Hakuna karatasi inayosema tumekabidhiana nini

Siku ile tulipewa risiti ya hela ya kuskani na kikaratasi kimeandikwa "sanduku 1 la bati, nyaraka za zamani". Basi. Tulivyoongea na afisa wenu tulisema wazi kwamba hii ni amana, sanduku ni la familia nyie mnatutunzia, akaitikia kwa kichwa, na mimi sikudai maandishi, hilo ni kosa langu na nalibeba. Mwaka jana nimekuja kuulizia, afisa mwingine ananiambia kitu kikishaingia stoo ni mali ya kituo. Tangu lini? Amana na zawadi ni vitu viwili, na mtu yeyote aliyesomea kazi hii anajua kwamba kabla boksi halijavuka mlango mnaandikiana: ni zawadi au amana, nani ataruhusiwa kusoma, nani atatoa kopi, familia ikitaka kurudishiwa inakuwaje, na nyuma yake inaambatanishwa orodha ya kilichomo. Halafu haki za mwandishi hazihami kwa sababu sanduku limehama, kwa sheria yetu barua aliyoandika marehemu haki yake inabaki kwa warithi miaka 50 baada ya yeye kufa. Bila orodha hata ikipotea nusu ya vitu hakuna atakayejua, si sisi si nyie.

2. Mpangilio mmeuvunja

Hili linaniuma kuliko hela. Bibi alikuwa amefunga zile barua mafungu mafungu kwa kamba ya katani, na kila fungu lina kikaratasi cha mkono wake kinachosema ni za nani na za mwaka gani. Nilipofanikiwa kuingia stoo nikakuta maboksi matatu yameandikwa kwa mkapeni: BARUA, PICHA, MENGINEYO. Nikauliza kamba na vikaratasi viko wapi, kijana wa fildi akanijibu kwa upole kabisa, wala simlaumu, "ule uchafu tuliutoa dada".

Ndugu Mkurugenzi, ule uchafu ndio ilikuwa katalogi.

Nikupe mfano mmoja ninaoukumbuka kwa sababu mama alikuwa anatusomea. Kulikuwa na barua fupi sana kutoka Kasulu, haina tarehe na jina la aliyekufa halimo, inasema tu tumepokea habari na tumepokea shilingi, mama yake bado hajaamini, kama mnaweza tuleteeni nguo yake yoyote. Ukiikuta peke yake hiyo barua ni karatasi ya huzuni isiyo na mwenyewe. Lakini bibi alikuwa ameifunga pamoja na nakala ya barua ya babu, pamoja na kipande cha yule kijana chenye alama kumi na saba, zimeishia hapo kumi na saba, na nyuma ya kipande babu ameandika kwa penseli namba ya ukurasa wa daftari. Yaani ukishika lile fungu unamjua mtu mzima, jina lake, baba yake, kijiji chake, siku aliyoacha kukata mkonge. Leo barua iko kwenye boksi la BARUA, kipande kiko MENGINEYO, daftari sijaliona. Kuna wajukuu Kigoma huko na Burundi ambao mpaka leo wanaambiwa babu yenu alienda Tanga hakurudi. Jibu lao lilikuwa kwenye kamba ya katani.

Na hili halitaki mashine wala mfadhili. Kwamba nyaraka za mtu mmoja zikae pamoja na zisichanganywe na za wengine, Wafaransa walishaliandikia mwongozo mwaka 1841, na kwamba mpangilio aliouacha mwenyewe usivurugwe ni somo la mwanzo kabisa kwenye fani yenu, naamini hata kile chuo cha ukutubi na uhifadhi nyaraka cha Bagamoyo ukimuuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakujibu. Tena sisi watu wa Tanga tuna mfano nyumbani. Mwandishi Shaaban Robert kazaliwa huku kwetu mwaka 1909, na barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 mpaka 1958 zikaja kuchapishwa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mwaka 2002 kwa sababu ndugu yake alizitunza. Miaka ishirini na saba ya mtu mmoja kumwandikia mtu yuleyule, raha yake ndiyo hiyo, unamwona anakua, anauguza, anahangaika na hela, anaandika. Sasa fikiria mtu angezichukua akazitawanya kwa ukubwa wa karatasi.

3. Laminesheni

Sikuamini nilivyoona. Barua ya mwaka 1952, ya babu kwa bibi wakiwa bado hawajaoana, karatasi nyembamba ile ya mistari, mmeipiga laminesheni kama kitambulisho. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kwenye mikunjo ilishaanza kuachia, nadhani aliyefanya alitaka kusaidia. Lakini mashine ile inayeyusha gundi ya plastiki kwa moto na kuiingiza ndani ya karatasi, na ikishaingia haitoki. Kilichokuwa karatasi kimekuwa plastiki, asidi iliyomo ndani imefungiwa humohumo inaendelea kula taratibu, na kama wino ni ule wa zamani wenye chuma ndani yake basi huo wenyewe unachoma karatasi hata bila kusaidiwa. Barua ilikuwa inanukia udi, bibi alikuwa anaweka kipande cha udi kwenye sanduku, ukiifungua unamsikia. Sasa ukiinusa unasikia stesheneri.

Nchi kubwa zimeshapitia hili. Marekani nyaraka nyingi zilipigwa laminesheni kuanzia miaka ya 1930 zikiaminiwa kuwa ndiyo tiba, baadaye wakaacha wenyewe, na mafundi wao mpaka leo wanahangaika kuzibandua kwa kemikali karatasi moja moja. Kwa hiyo hatuna sababu ya kujifunza upya kwa barua ya bibi yangu. Karatasi iliyochoka inawekwa kwenye mfuko wa polyesta uliowazi pembeni usio na gundi, ukitaka kuitoa unaitoa. Ikichanika inaungwa kwa karatasi laini ya Kijapani na uji wa ngano. Kigezo ni kimoja tu: ulichofanya leo, mwenzako kesho aweze kukitengua. Niliona na selotepu pia kwenye jalada la daftari la pili. Selotepu baada ya miaka inageuka njano, gundi inabaki, karatasi inaoza palepale ulipoitibu.

Naomba kujua ni karatasi ngapi zimeshapita kwenye ile mashine.

4. Picha na filamu

Tulilipia kuskaniwa. Tumepewa flashi yenye mafaili 143 ya JPEG, mengi hayafiki hata KB 200, ukiyakuza sura inakuwa vibonge, na yamepewa majina ya namba tu ambayo hayaendani na kitu chochote kwenye maboksi. Picha ya kuhifadhi inaskaniwa angalau dpi 400 mpaka 600, yaani nukta kwa kila inchi, na nakala mama inawekwa kwenye faili la TIFF lisilopunguza ubora, hiyo JPEG ndogo ni ya kutumiana WhatsApp. Ila hata hilo ningelimeza. Kubwa ni kwamba mmeskani upande wa mbele peke yake. Nyuma ya picha ndipo babu alipokuwa anaandika! Kuna picha ya vijana watano wamesimama mbele ya korona, wamevaa mashati ya kuazimana maana mengine yanawapwaya, mbele hakuna kitu, nyuma kuna majina yote matano na neno "Idi". Mmetuletea nyuso mmeacha majina.

Filamu nazo zile za kwenye kopo, ukifungua kopo unasikia harufu ya siki. Hiyo harufu si ya uzee tu, ni filamu ya asiteti inayooza, na mvuke wake unaambukiza filamu zilizo karibu na hata picha za karatasi. Zinatakiwa zitengwe, zipate hewa, ziwekwe pa baridi na ziskaniwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote kwa sababu hazina muda. Nyie mmelifunga kopo na kifuniko chake mkaliweka ndani ya boksi la PICHA.

5. Kaseti

Hapa naandika kwa niaba ya mama zaidi.

Mama mkubwa aliolewa Muscat miaka ya 70. Simu ilikuwa ghali na kuandika hakuwa mwepesi, kwa hiyo akawa anajirekodi kwenye kaseti anampa mtu anayekuja, na bibi huku naye anajirekodi anajibu. Watu wengi wa pwani wenye ndugu Uarabuni wamepitia hii, wanajua. Mama mkubwa alipofariki wanawe wakatuletea zile kaseti za bibi, kwa hiyo kwenye sanduku mazungumzo yalikuwa yamekamilika, sita za kwake na tano za bibi. Kwenye moja bibi yuko uani, jogoo anawika juu yake, anataja nani kaoa nani kazaa nani tumemzika, sukari hakuna, sabuni hakuna, ukipata mtu nitumie sabuni na doti moja ya kanga, halafu adhana inaanza na yeye ananyamaza mpaka iishe, kimya kirefu tu na adhana, ndipo anaendelea. Hizo kaseti tano ndiyo sauti pekee ya bibi iliyobaki duniani.

Nimeambiwa afisa alitaka "kuitesti" hiyo yenye adhana akaiweka kwenye redio kaseti ya zamani na redio ikaula mkanda. Ukakatwa, ukaungwa kwa selotepu. Kaseti ya miaka arobaini haitestiwi kwa redio yoyote iliyopo karibu, inakaguliwa kwanza kwa macho kama ina ukungu au inanata, kichwa cha mashine kinasafishwa, inapigwa mara moja tu na mara hiyohiyo inarekodiwa kwenye kompyuta. Nyingine kumi hazijaguswa na sijui nishukuru au nilie. UNESCO pamoja na wataalamu wa sauti walitoa tahadhari mwaka 2019 kwamba kanda ambazo hazitahamishwa kufikia 2025 nyingi zitapotea, na sababu kubwa ni mashine, zimeacha kutengenezwa, spea hakuna, na mafundi wanaozijua ni wazee. Kila mwezi mnaokaa na hizo kaseti bila kuzigusa kuna fundi mmoja anafunga kibanda.

6. Barua ya mtu aliye hai kubandikwa ukutani

Kwenye maonesho yenu mlibandika barua ya mwaka 1983 inayoeleza talaka ya ndugu yetu na sababu zake. Mwenye barua yupo hai, anaishi Tanga, ana wajukuu. Aliyeiona ni jirani. Hatukuulizwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi toka 2022, lakini hata kabla ya sheria kulikuwa na sitara. Sitaongeza neno hapa kwa heshima yake.

Najua majibu yatakayokuja maana mengine nimeshayasikia mlangoni.

Mtasema bajeti. Naelewa, na sijadai mashine ya mamilioni. Penseli badala ya mkapeni ni shilingi ngapi? Daftari la kuandikia orodha? Kunyanyua maboksi kutoka sakafuni, maana nilikuta boksi letu liko chini limeegemea ukuta wenye chumvi, ni mbao mbili na matofali manne. Kutotupa vikaratasi ni bure kabisa.

Mtasema hali ya hewa ya pwani. Kweli, unyevu ukipita asilimia 65 ukungu unaamka, na Dar kufika huko ni kawaida. Lakini kiyoyozi chenu mnawasha saa mbili asubuhi mnazima saa kumi jioni, kwa hiyo karatasi kila siku inakauka na kila usiku inavuta maji, kujikunja na kujikunjua, na huko kupandisha na kushusha kunaumiza kuliko joto lililotulia. Afadhali kizimwe moja kwa moja, madirisha yafunguliwe kwa saa zake na feni izungushe hewa, kuliko hivyo. Na pwani yetu hii hii, Lamu, hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha za kidijitali kwa programu ya Maktaba ya Uingereza inayosaidia nyaraka zilizo hatarini, na hati zenyewe zikabaki palepale Lamu kwa wenyewe. Joto la Lamu si dogo kuliko la kwenu.

Mtasema mlileta zikiwa mbovu tayari. Kona moja ilikuwa na mchwa, ndiyo, na nilisema siku ile. Mchwa hakupiga laminesheni.

Mtasema tungepeleka kwenye Nyaraka za Taifa. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 shabaha yake kubwa ni kumbukumbu za umma, karatasi za familia kama zetu mara nyingi zinasimama kwa uaminifu wa wanaokabidhiana tu, na nyie ndio mliokuja kutuomba tuwaamini.

Tunachoomba ni hiki. Kwanza kabisa, kuanzia leo mtu yeyote asiguse sanduku letu kwa laminesheni, selotepu, gundi au mkapeni, na kopo la filamu litolewe kwenye boksi la picha. Pili, tukae mezani tuandikiane hati ya makabidhiano inayosema ni amana, na tutengeneze orodha pamoja, kitu kwa kitu, mimi na mama tukiwepo, yeye ndiye aliyebaki anayekumbuka mafungu yalivyokuwa na anasoma mkono wa bibi, nami nina picha za simu nilizopiga juu juu kabla ya kulileta, zitasaidia. Tukikaa siku tano tunaweza kurudisha mafungu mengi mahali pake. Kama vile vikaratasi bado viko kwenye gunia mahali fulani hata vimechanika, tafadhali sana visitupwe. Tatu, kaseti zote kumi na moja mturudishie mara moja, ikiwemo iliyokatika, tumepata fundi mwenye deki nzima na gharama ni yetu. Nne, skani zirudiwe mbele na nyuma, nakala moja ibaki kwenu, moja kwetu, na moja mahali pengine mbali na hizo mbili, kwa sababu hiyo hela mlishaipokea. Tano, yule ndugu yetu aombwe radhi kwa mdomo, aende mtu mzima anayejua kuongea na mtu mzima, isiwe kwa barua.

Yale madaftari manne nayaombea peke yake. Mkiyapata yote, na naomba Mungu myapate, tunataka majina ya wale vijana yaandikwe orodha iwe wazi kwa anayetafuta ndugu yake, kutoka Kigoma, Songea, Burundi, popote. Familia imekubaliana kwa hilo, tumeshaliongea, hatuna kizuizi. Babu aliyaandika ili siku moja mtu aulize.

Na kama haya hamyawezi, semeni tu hamuwezi, tutakuja na gari tulichukue sanduku letu na hatutadai kitu kingine, hata hela ya skani mtabaki nayo.

Nasubiri jibu la maandishi lenye jina na saini ndani ya siku 30 kuanzia leo. Namba zangu mnazo kwenye zile barua mbili. Mama ni mtu mzima, magoti yanamsumbua lakini amesema basi atapanda, anachoomba ni kuambiwa siku mapema na kuwe na kiti chenye mgongo, kazi ya kupanga barua mia tatu si ya benchi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjukuu wa karani, kwa niaba ya familia
Ngamiani, Tanga